Majuma sita Kongwa: kazi ya Julai iko ghalani

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: "Papa, mimi ni mwanafunzi wa agronomia, mwaka wa tatu. Mimi na wenzangu watano, wawili kati yao wa afya ya jamii, tutapelekwa Tanzania kujitolea, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, tangu mwanzo wa Julai mpaka katikati ya Agosti. Barua ya waliotualika inasema tu 'kilimo na afya ya jamii'. Tumeshakusanya mbegu za mahindi, katoni mbili za dawa, sabuni na nguo za watoto. Wenzangu wanataka tuchimbe vyoo na tuanzishe shamba la mfano. Mimi naogopa tutaenda kupiga picha na kurudi. Tufanye nini ili watu wa kule wapate faida? Na tusipojenga kitu chochote, si tutakuwa tumekula bure pesa ya chuo?"

Mwanangu, umeuliza maswali mawili, na naona la pili ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Tuanze na kalenda, maana tarehe mlizopewa zimeshaamua nusu ya kazi kabla hamjafunga mizigo.

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na mvua yenyewe ni haba: milimita 500 au 600 kwa mwaka, mwaka mbaya chini ya hapo. Sisi Lubumbashi tumezoea karibu mara mbili yake. Mtakaposhuka basi mwezi wa Julai, mahindi yatakuwa yameshaingia nyumbani, karanga zimeng'olewa, mtama na uwele vinamaliziwa. Shamba la mfano mtalilima wapi, na kwa maji ya nani? Mbegu zenu zitalala kwenye mfuko mpaka Desemba, nyinyi mkiwa mmesharudi darasani.

Tena mbegu hazivuki mpaka hivihivi. Mtapita Kasumbalesa kuingia Zambia, kisha Nakonde na Tunduma kuingia Tanzania, na kote huko kuna wakaguzi wa mimea. Mbegu inadai cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka na kibali cha kuingizwa kutoka inakokwenda; upande wa Tanzania kazi hiyo iko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Msidhani ni usumbufu wa maofisa tu. Mahindi yana virusi na kuvu vinavyosafiri ndani ya punje, na kijiji kinachovuna mara moja kwa mwaka hakina nafasi ya kujaribiwa ugonjwa mpya. Zigawieni mbegu hizo kwa shangazi zenu wa Kipushi na Kasenga, zitapata mvua mwezi wa kumi na moja.

Kuhusu shamba la mfano, Kongwa ina historia yake, na ingefaa muisome kabla ya kuondoka. Mwaka 1947, Ulaya ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, serikali ya Uingereza ilianzisha pale pale Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Wakaja na matrekta, wakaja na wataalamu, wakaja na ramani za maelfu kwa maelfu ya ekari. Vichaka vikawavunjia mashine. Udongo ule wa mfinyanzi ulipokauka, karanga zikanasa chini, hazing'oleki. Mvua ikaja ilivyotaka yenyewe. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo, wenyeji wa pale, walikuwa wakilima mtama na uwele kwenye ardhi hiyohiyo, wakifuga ng'ombe kama akiba ya mwaka wa njaa, na walijua kwa nini. Kwa hiyo wewe unayejua mahindi ya kwetu Haut-Katanga usiende kumwambia mtu wa Kongwa alime mahindi zaidi. Ukimkuta ana uwele, muulize habari za uwele.

Basi kazi ya Julai ni ipi? Iko ghalani, na hapo ndipo kilimo na afya vinapokuwa kitu kimoja bila kulazimishwa.

Mahindi na karanga vina kuvu, jina lake la kitaalamu *Aspergillus flavus*, ambayo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Tanzania wanaiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa, baada ya kula mahindi waliyoyalima wenyewe. Kenya, mwaka 2004, wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125. Hayo ni matukio yaliyopiga kelele. Sumu hiyohiyo ikiliwa kidogokidogo miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na imehusishwa pia na kudumaa kwa watoto. Haina harufu. Kupika hakuiondoi: bukari, yaani ugali, iliyosongwa vizuri ikaiva inabaki nayo.

Wenzenu wawili wa afya ya jamii watataka kuanza na homa na kuhara, kama walivyofundishwa. Waambieni kwamba kule, kwa miezi hiyo, mlango wa afya ya mtoto ni turubai la kuanikia nafaka.

Kuna kipimo ambacho kila mama anaweza kukifanya, nami nakieleza polepole ili mkifanyie mazoezi hapa kabla ya safari. Chukua chupa yenye kifuniko, iliyokauka kabisa ndani. Chupa ikiwa na unyevu, kipimo chote ni bure. Chukua chumvi, uianike juani au uikaange kidogo kwenye sufuria, kwa sababu chumvi ya sokoni huwa imeshavuta maji hewani. Jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika nzima, kisha uiweke chini kama robo saa. Halafu iinue kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imeng'ang'ania kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuingia ghalani. Ikiwa imeshuka yote chini na kuta ni safi, yamekauka kuliko hapo. Kwa mifuko isiyopitisha hewa unataka yashuke zaidi, kama asilimia 13, kwa hiyo hata chupa ikikupa jibu zuri, anika siku moja au mbili za ziada.

Hapa kuna mtego. Julai Dodoma hewa ni kavu, na chupa nyingi mtakazotikisa zitaonyesha chumvi safi. Mtafurahi, na mama mwenye mahindi atafurahi. Lakini ukavu wa leo hausemi kama kuvu haikuingia jana. Mmea uliokosa maji unaingiliwa ungali shambani. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa hatari, kinyume na watu wengi wanavyodhani. Mengine huingia pale mahindi yanapoanikwa kwenye udongo mtupu, au karanga zinaporundikwa zikiwa mbichi. Chupa inakulinda dhidi ya kuvu ya kesho. Iliyokwisha kuingia inaondolewa kwa mkono.

Kwa mkono namaanisha kuchambua. Sumukuvu haijatawanyika sawasawa: punje chache hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, hizo zikitolewa kabla ya kusaga, sumu inapungua sana, na hakuna aliyetumia hata senti. Kaeni kwenye mkeka na akina mama, mchambue nao. Msiende kuwafundisha kuchambua, wanajua. Kinachoweza kuwa kigeni kwao ni sababu, na ni zipi za kuondoa bila huruma.

Sasa swali ambalo vitabu vyenu vinalikimbia: zile zilizotolewa zinakwenda wapi? Mara nyingi haziendi jalalani. Zinapewa kuku, zinatengenezewa pombe, zinauzwa rahisi kwa jirani aliyekwama, au zinarudi kwenye gunia mwezi wa Januari, njaa inapokaza. Sumu hupita kwenye maziwa ya ng'ombe aliyelishwa nafaka mbovu, na kwenye pombe pia hubaki. Mwambie mama mwenye watoto watano atupe chakula na utaona uso wake. Mimi sijawahi kuona hotuba ikifaulu hapo. Kinachofaa ni kupima mbele ya kaya yote, mume akiwemo: gunia lilikuwa kilo ngapi, mabovu ni kilo ngapi. Mara nyingi fungu lenyewe ni dogo kuliko watu walivyoogopa, na uamuzi wa kulifukia unafanywa na wenye nyumba hapo hapo. Wakikataa, wamekataa. Andikeni kwamba wamekataa, na muulize sababu, maana sababu hiyo ina thamani kwa afisa ugani kuliko idadi ya mikutano mliyoifanya.

Karanga zina lao. Ganda gumu linaumiza vidole, kwa hiyo watu huzinyunyizia maji kabla ya kubambua. Kazi inakuwa nyepesi na kuvu inapata ilichokuwa inakitafuta. Angalieni jambo hilo kwa macho yenu kwanza, bila kusema neno. Si kila nyumba inafanya hivyo. Mashine ya mkono ya kubambulia, ikiwa iko kijijini au kwa kikundi cha jirani, ni jibu bora kuliko kukataza.

Mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kawaida nje, inauzwa Tanzania. Ukifungwa vizuri wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, na hakuna haja ya ile dawa ya unga ambayo watu huichanganya na chakula kwa kukadiria, bila kufunika pua. Mimi nisingeinunulia kijiji kizima. Nunueni michache, muijaze pamoja na nyumba zilizokubali, na mkubaliane ifunguliwe miezi kadhaa baadaye, nyinyi mkiwa hampo, bei ikiwa imepanda. Kongwa ina bahati: soko la nafaka la Kibaigwa, kwenye barabara ya Dodoma na Morogoro, ni kubwa, na bei yake inajulikana kwa kila mtu. Mkulima atakayefungua mfuko wake akakuta punje hazijatobolewa atakwenda kuuliza bei ya mfuko mwingine kwa miguu yake mwenyewe.

Na uji wa watoto. Unga wa lishe wenye mahindi na karanga nyingi ndio unaopewa mtoto mdogo kuliko wote, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu tunaambiwa una nguvu. Kwa nafaka iliyochambuliwa ni kweli. Kwa nafaka isiyochambuliwa, mtoto anakunywa sumu nyingi kuliko baba yake ukilinganisha na uzito wa mwili. Uwele na mtama kwa kawaida huwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi, na kule vimejaa. Hilo ni la wenzako wa afya, na walifanye siku ya kliniki, pamoja na muuguzi wa zahanati, mama akiwa ameshika kadi ya mtoto mkononi.

Usidhani haya ni ya Tanzania tu. Kwetu Kongo, mwaka 1938, daktari Trolli alieleza konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliowapata watu wa Kwango waliokula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri. Miaka mingi baadaye, katika vijiji vya Popokabaka, jambo lililofanya kazi lilikuwa jepesi mno: unga wa muhogo unaloweshwa kidogo, unatandazwa tabaka nyembamba kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inaondoka hewani, ndipo unasongwa. Akina mama walilichukua kwa sababu beseni wanalo, jua wanalo, na hakuna kilichotoka nje. Kila kazi mtakayoifikiria Kongwa ipimeni hivyo: mama wa pale anaweza kuifanya siku inayofuata, kwa vitu alivyo navyo?

Nije kwenye macho. Kongwa ni moja ya mahali palipofanyiwa utafiti mwingi wa trakoma duniani. Ni ugonjwa wa macho wa bakteria, unaopita kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi, na ukirudiarudia tangu utotoni kope hugeuka ndani zikakwaruza jicho mpaka likapofuka. Mwaka 1995 yalitolewa matokeo ya jaribio la vijiji sita vya huko: vyote vilipewa dawa ya macho, na vitatu kati yake vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Trakoma kali ilipungua zaidi kwenye vile vya kunawa. Kampeni yenyewe ilipitia mikutano ya majirani, na wanaume waliitwa, kwa sababu maji ya nyumbani si uamuzi wa mama peke yake. Tangu hapo hali imebadilika sana, na sijui mtakikuta kijiji chenu katika hali gani, zahanati itawaambia. Nalitaja ili muone kwamba uso wa mtoto kule ni suala la maji, na maji ni suala la nani anayabeba.

Na hapo nawageukia nyinyi wageni. Vijana sita wa Lubumbashi, mliozoea kuoga asubuhi na jioni, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, mnahitaji bidon sita za lita 20 kila siku ya Mungu. Nani atazibeba mwezi wa Julai? Mkipokelewa na familia, watakaozibeba ni mama na binti zake, na hawatawaambia, kwa sababu mgeni haambiwi. Kabla hamjaondoka, ulizeni maji yanatoka wapi na dumu moja ni bei gani, muyaweke kwenye bajeti, mlipe mwenye punda au mwenye baiskeli. Kwenye hesabu yenu ya safari, mstari huo naupa uzito kuliko katoni zote mbili za dawa.

Katoni zenyewe ziacheni. Dawa zinazoingizwa Tanzania zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na katoni ya vidonge mchanganyiko mikononi mwa wanafunzi haina maelezo yatakayoridhisha mtu mpakani. Hata zikipita: wewe ni wa agronomia, wenzako bado wanafunzi, na hapa kwetu hakuna infirmié, yaani muuguzi, atakayewaruhusu kugawa antibiotiki barazani. Kwa nini iwe halali kwa mtoto wa Kigogo? Nguo za watoto nazo zitagombanisha majirani. Sabuni inunueni kule kule, dukani kwa mtu wa kijiji.

Vyoo, la. Vijana wa Kongwa wanajua kuchimba shimo kuliko nyinyi, na choo cha wageni hugeuka stoo wageni wakiondoka.

Kazi yote hii mtaifanya chini ya nani? Hili ni muhimu kuliko ratiba. Kijiji cha Tanzania kina mwenyekiti aliyechaguliwa na kina ofisa mtendaji. Mtaripoti kwao siku ya kwanza, kabla ya kufungua begi, mkiwa na barua kutoka wilayani. Kwenye kata mtamkuta afisa ugani, ambaye wengi bado wanamwita bwana shamba au bibi shamba. Kwenye zahanati yuko muuguzi, na nyumba kwa nyumba wanazunguka wahudumu wa afya ya jamii, wanaofanana na mareko wa zone zetu za afya: watu wa palepale, wanaojua nani ana mtoto mgonjwa na nani ana mume mkali. Kila mmoja wenu ashikamane na mmoja wao. Akisema leo hatuendi mtaa ule, hamwendi. Wazee wengine watakuwa huru zaidi kwa Kigogo, na hao mlioshikamana nao ndio watakaowatafsiria.

Kila kitu mnachokiandika, majina ya kaya, kilo, mifuko iliyofungwa, kiandikwe kwenye daftari moja litakalobaki kwa afisa ugani. Nyinyi nakilini mnachohitaji kwa ripoti, bila majina. Mkitaka zaidi ya hapo, yaani kuhoji watu kwa ajili ya memwari ya chuo, basi huo ni utafiti, na utafiti Tanzania unaombewa kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na wa afya unapita pia kwenye NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa ajili ya maadili. Havitolewi kwa juma moja. Nawashauri msiguse. Picha: mtu mzima anaombwa ruhusa na anaweza kukataa, mtoto mwenye uso mchafu na nzi hapigwi picha hata mama yake akikubali.

Karatasi zenu nazipitia haraka. Pasi iwe na muda wa kutosha. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu mnatoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, na kama ulishachanjwa, tangu mwaka 2016 kadi inahesabiwa ya maisha yote, usikubali kuuziwa nyingine. Kujitolea si utalii: Tanzania ina kibali cha ukaazi kundi C kinachohusu wanafunzi, watafiti na wanaojitolea, na anayekiombea ni mwenyeji wenu, mapema. Mkiambiwa "semeni tu mmekuja kutembea", hiyo ni ishara ya mwenyeji msiyemtaka. Njiani mtafuatana na malori ya shaba yanayokwenda Dar es Salaam, kwa hiyo wekeni siku za ziada kwa foleni ya Kasumbalesa na ya Tunduma. Reli ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, haifiki Dodoma.

Sasa swali lako la pili, la pesa ya chuo.

Hamtakuwa mmeila bure, lakini mseme ukweli kuhusu kilichonunuliwa. Nauli, vibali na chakula cha watu sita kwa majuma sita, zikihesabiwa, zingemlipa mtu wa Kongwa kufanya kazi hiyohiyo muda mrefu zaidi, na angeifanya vizuri kuliko nyinyi. Kwa hiyo safari hii ni shule yenu kwanza, na kijiji ndicho kinachojitolea kwenu: kinatoa muda wake, mikeka yake, maghala yake yafunguliwe na wageni. Ripoti yenu iandike hivyo. Ile ya "tumehudumia watu kadhaa" waachieni wenye kutafuta wafadhili. Deni linalobaki mtalilipa hapa. Nenda soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kaa na mama muuza karanga, muulize alizinunua wapi na zilibambuliwa vipi. Unga tunaokula Lubumbashi, mwingine ukitoka Zambia, hakuna jikoni linalojua mahindi yake yalianikwa juu ya nini. Mwanafunzi aliyetoka Kongwa akijua kutikisa chupa ya chumvi na kusoma gunia la karanga ana kazi ya miaka mingi Haut-Katanga, na hahitaji pasi.

Juma hili, kabla ya kununua chochote, waandikie wenyeji wenu. Waulize jina na simu ya afisa ugani wa kata, na kama yeye mwenyewe anataka watu sita au anaona wawili wanatosha. Waulize kama kijiji kimeambiwa mnakuja na nani alikubali kwa niaba yake. Waulize habari za maji, na kama kibali kimeshaombwa. Wakijibu kwamba afisa ugani mtamjua mkifika, ahirisheni safari. Na ombeni ya mwakani ianze Mei, wakati mahindi yanavunwa na kuanikwa, hata kama itabidi mwende wawili badala ya sita.